Mbwa mgonjwa apimwe kabla ya kuchomwa sindano

Mbwa anapougua homa hapa Morogoro, cha kwanza anachopata ni sindano. Mwenye mbwa hupita duka la dawa za mifugo, hununua chupa ya oksitetrasaiklini, humwita kijana wa mtaani anayejua kuchoma, na kazi imekwisha. Mbwa akipona, dawa husifiwa. Akifa, huchimbiwa shimo nyuma ya nyumba, na kabla mwezi haujaandama analetwa mtoto wa mbwa mwingine. Hakuna anayeuliza yule wa kwanza aliuawa na nini. Mimi ni daktari wa mifugo, kliniki yangu iko Kihonda, na nasema bila kuficha kwamba swali hilo tusilouliza linahatarisha maisha ya watu.

Ninachokitaka ni kimoja. Mbwa anayeshukiwa kuwa na homa ya mgunda atolewe damu na mkojo kabla hajachomwa dawa yoyote, na sampuli hizo zipimwe vinasaba vya bakteria katika maabara ya umma, kwa bei ambayo mkulima wa mpunga ataimudu. Pale ambapo watu nao wanaumwa, mbwa apimwe bure.

Wengi wetu tulilisikia jina la homa ya mgunda kwa mara ya kwanza Julai 2022. Wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, watu walianza kuugua homa, kuumwa kichwa, kuchoka kupita kiasi na kutokwa na damu puani. Nchi ilishikwa na hofu. Sampuli zilipimwa Ebola, zikapimwa Marburg, zikapimwa UVIKO-19, kote majibu yakawa hasi. Tarehe 18 Julai Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akatangaza kwamba ni leptospirosi, ambayo Watanzania wengi sasa wanaiita homa ya mgunda. Wagonjwa walikuwa 20 na watatu kati yao walikwisha kufariki.

Siku zile simu yangu haikupumzika. Watu waliuliza kama wale nyama pori, kama wafukuze popo, kama wachome moto panya wa kwenye ghala. Walioniuliza habari za mbwa wao walikuwa wachache mno. Kwetu mbwa anaogopewa kwa ugonjwa mmoja tu, kichaa, na kwa kichaa tunajua la kufanya: chanjo, na mtu akiumwa anakimbizwa hospitali. Mkojo wa mbwa haumtishi mtu. Mama anaumwagia ndoo ya maji uani na kuendelea na kazi zake, watoto wanacheza palepale.

Bakteria wa ugonjwa huu, leptospira, ni mwembamba sana, amejisokota, na ncha zake zimepinda. Hukaa kwenye figo za mnyama na kutoka na mkojo. Akidondokea mahali pakavu penye jua hufa upesi. Akiangukia tope, dimbwi au jaruba la mpunga anaweza kuishi wiki kadhaa, hata miezi. Humwingia mtu kupitia mchubuko wa mguuni, macho, pua au mdomo. Ndiyo maana wanaoupata zaidi ni wakulima wa mpunga, wachinjaji, wafugaji, wazibua mitaro na watoto wanaooga kwenye madimbwi ya mvua. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalisema kila mwaka duniani watu zaidi ya milioni moja huugua leptospirosi na karibu 59,000 hufa. Sehemu kubwa ni watu wa nchi za joto, wenye kipato kama chetu.

Mbwa akiupata huanza kwa kukataa chakula. Hutapika, hutetemeka, na ukimshika miguu ya nyuma analia kwa maumivu ya misuli. Wengine hunywa maji mengi na kukojoa sana, kisha ghafla mkojo hukatika, maana figo zimegoma. Ini likishambuliwa, ufizi na weupe wa macho hugeuka njano. Wengine hutokwa na damu. Sasa tazama shida ya mtu aliye mahali pangu: homa ya kupe nayo humfanya mbwa awe njano, sumu ya panya nayo humtoa damu, na kuumwa na nyoka kunaweza kuvuruga figo. Anayesema anaijua homa ya mgunda kwa kumtazama mbwa machoni anabahatisha, hata kama ana shahada mbili ukutani.

Na kuna mbwa ambaye haumwi kabisa. Anakula, anabweka, analinda, na huku anamwaga bakteria kwa miezi kila anapoinua mguu. Huyo ndiye anayeninyima usingizi, kwa sababu hakuna atakayemleta kliniki.

Mwaka jana masika yalipokuwa yanakatika, mzee mmoja alikuja na bajaji kutoka upande wa Dakawa, mbwa wake amelazwa kwenye mkeka nyuma. Mbwa yule alikuwa akifukuza nyani na nguruwe pori kwenye mpunga, mbwa wa kazi kweli.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Daktari, huyu Jimi ndiye shamba langu. Akifa huyu, nyani watavuna kabla yangu."

Nikamwuliza amechomwa nini. Akasema amechomwa juzi, tena jana, "ile ya ng'ombe, kijana alisema inatibu kila kitu." Fizi za Jimi zilikuwa njano. Hakuwa amekojoa tangu usiku. Nilimtoa damu, nikamtundikia dripu, nikapata mkojo kidogo kwa mpira, nikazipeleka sampuli zikapimwe vinasaba. Usiku wa pili Jimi akafa. Majibu yakaja hasi, na majibu hasi kwa mbwa aliyekwisha kuchomwa antibayotiki mara mbili hayamwambii mtu lolote. Dawa inaweza kuwa iliwaondoa bakteria kwenye damu huku figo zimeshaharibika. Inawezekana pia haikuwa homa ya mgunda. Mzee alinitazama akingoja nimtajie jina la ugonjwa, nami sikuwa nalo.

Wakati anaaga ndipo akataja, kama jambo dogo, kwamba mjukuu wake naye ana homa siku ya nne, amepewa dawa ya malaria japokuwa kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Kijana huyo ndiye aliyekuwa akimwogesha Jimi na kulala naye kwenye kibanda cha shambani. Nilimsihi mzee amrudishe hospitali siku hiyohiyo na amweleze daktari habari za mbwa na za majaruba. Alifanya hivyo. Kijana alibadilishiwa dawa na akapona, namshukuru Mungu. Lakini ugonjwa wake haukuandikwa jina popote, na wa mbwa haukuandikwa popote. Kwa hesabu za serikali, kwenye shamba lile hakuna kilichotokea.

Haya si ya Dakawa peke yake. Kati ya 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, mkoani Kilimanjaro. Waganga walikuwa wameandika malaria kwa wagonjwa 528. Maabara ilipochunguza kwa makini, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Katika wale waliopimwa magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, zaidi ya robo walikutwa nayo, na leptospirosi ilikuwa ndiyo inayoongoza. Matokeo yale yalichapishwa mwaka 2013. Kila nikiyasoma nafikiria watoto waliorudishwa nyumbani na vidonge visivyowahusu.

Sasa nieleze kipimo chenyewe, kwa sababu wengi wanalijua jina la PCR kutokana na cheti cha UVIKO-19 walichotakiwa kuonyesha uwanja wa ndege, na hawakuelezwa kinafanyaje kazi.

Kila kiumbe kina vinasaba vyake. Leptospira wanaosababisha ugonjwa wana kinasaba kinachoitwa LipL32, ambacho leptospira wasio na madhara, wale wanaoishi tu majini, hawana. Fundi wa maabara huchukua damu au mkojo wa mbwa, huvisafisha vinasaba vilivyomo, kisha huchanganya na vitangulizi, yaani vipande vifupi vilivyotengenezwa ili vinase kwenye kinasaba hicho na si kingine. Mashine hupasha mchanganyiko hadi karibu nyuzi joto 95, uzi maradufu wa kinasaba ukaachana. Huupoza hadi karibu 60, vitangulizi vikanasa mahali pake. Kisha kimeng'enya hujenga nakala mpya. Mzunguko mmoja, kipande kimoja kimekuwa viwili. Mzunguko wa pili, vinne. Baada ya mizunguko 30 kipande kimoja kimezaa nakala zaidi ya bilioni moja, na mashine za kisasa zinaziona nakala hizo kwa mwanga zikiendelea kuongezeka. Kama LipL32 haikuwamo kwenye mkojo ule, hakuna cha kunakili na mwanga hauwaki.

Mmarekani Kary Mullis alibuni njia hii mwaka 1983 na akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1993. Kimeng'enya kinachostahimili joto lile kilitokana na bakteria waliogunduliwa na Thomas Brock katika chemchemi za maji moto za Yellowstone. Nalitaja hili kwa makusudi: aliyekuwa akichunguza viumbe vya kwenye maji ya moto miaka ya 1960 hakujua kwamba kazi yake ingekuja kumsaidia mbwa wa Morogoro. Utafiti usiorudisha fedha leo si utafiti wa bure.

Kabla ya njia hii tulikuwa na mbili, na bado tunazo. Ya kwanza ni kumkuza bakteria mwenyewe maabara. Leptospira anakua polepole mno, chupa huangaliwa kwa wiki nyingi, wakati mwingine miezi mitatu au zaidi. Kwa mgonjwa wa leo majibu hayo ni ya historia. Ya pili ni kutafuta kingamwili katika damu kwa kuichanganya na leptospira hai chini ya darubini na kuona kama wanagandana. Kipimo hicho kinaheshimika duniani kote. Ila kingamwili huchukua wiki moja hivi kujitokeza, kwa hiyo mbwa anayekufa siku ya tano anaweza kuonekana hana kitu. Ili uwe na uhakika unatakiwa umtoe damu mara mbili, wiki mbili au zaidi zikiwa zimepita katikati, na uone kiwango kimepanda mara nne. Na mbwa aliyechanjwa atakuwa na kingamwili za chanjo, ukashindwa kujua unachokiona ni ugonjwa au ni sindano ya mwaka uliopita.

Kipimo cha vinasaba kinavuka vikwazo hivyo. Kinamtafuta bakteria mwenyewe, hakingojei mwili umjibu. Kinaweza kumkuta siku ya pili ya homa. Hakijali kama bakteria amekufa njiani kwenye joto la basi, ilimradi vinasaba vyake havijaharibika. Na kwa yule mbwa mzima anayemwaga bakteria kimyakimya, kipimo cha mkojo wake ndicho kitakachotuambia kwamba uani pale pana hatari.

Lakini kina masharti, na masharti hayo ndiyo yanayovunjwa kila siku. Wiki ya kwanza bakteria yuko kwenye damu. Baadaye hujificha kwenye figo, na hapo atakutwa zaidi kwenye mkojo. Kwa kuwa mwenye mbwa mara nyingi hajui homa ilianza lini, daktari achukue vyote viwili. Damu iwekwe kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau ili isigande. Mkojo uwekwe kwenye chombo safi. Vyote viingie kwenye kisanduku cha barafu vikaanze safari siku hiyohiyo. Na vichukuliwe kabla ya dawa. Nakazia hapo kwa sababu kuna atakayenielewa vibaya: sisemi mbwa aachwe bila dawa akingojea majibu. Mbwa wa homa ya mgunda akicheleweshwa anakufa. Kumtoa damu na mkojo ni kazi ya dakika chache. Ukimaliza, mchome dawa palepale, kisha majibu yakija ukamilishe tiba kwa doksisaiklini ya wiki mbili, ambayo humwondoa bakteria kwenye figo ili mbwa asiendelee kuwaambukiza wengine.

Majibu hasi nayo yasomwe kwa akili. Mbwa hamwagi bakteria kila anapokojoa, leo anaweza kuwa safi na kesho asiwe safi. Ndiyo sababu mimi napenda vipimo viwili viende pamoja: vinasaba leo, kingamwili leo na tena baada ya wiki mbili. Anayeuza PCR kama neno la mwisho hajawahi kukaa na mgonjwa.

Kuna jambo jingine linalonifanya nishikilie kupima, nalo linatoka tena Kilimanjaro. Watafiti walitega panya zaidi ya 380, wakapima figo zao kwa vinasaba. Kila mtu alitarajia kuwakuta na leptospira. Hakukutwa hata panya mmoja mwenye bakteria hao. Wakapima figo za mifugo kutoka machinjioni, wakawakuta kwa ng'ombe 7 hivi katika kila 100, na kwa mbuzi na kondoo karibu mmoja katika kila 100. Matokeo hayo yalichapishwa 2018. Hapa Morogoro hali ni tofauti, panya wetu wamewahi kukutwa nao. Kwa hiyo mnyama wa kulaumiwa hubadilika kutoka mkoa hadi mkoa, na anayetaka kumjua hana budi kupima. Bila kupima tutamwaga sumu ya panya mji mzima na ugonjwa ukaendelea zizini. Au, jambo ninaloliogopa zaidi, siku moja kiongozi fulani atatoa amri mbwa wapigwe risasi mitaani, na watu watashangilia.

Sitetei mbwa kwa kumficha. Inajulikana kwamba mbwa hubeba leptospira, na ipo aina, Canicola, iliyopewa jina kwa sababu yake. Ninachosema ni kwamba mbwa hulala na mtu, hunywa kwenye dimbwi analokanyaga mtu, huwinda panya anayeingia kwenye unga wa mtu. Akiugua yeye, mara nyingi anatupa habari mapema kuliko hospitali. Mwaka 2021 kaunti ya Los Angeles huko Marekani ilirekodi mlipuko wa leptospirosi kwa takriban mbwa 200, wengi wakiwa wamepita kwenye vituo vya kutunzia mbwa. Waliujua kwa sababu madaktari wa wanyama walipima na kuripoti, na idara ya afya ya watu ndiyo iliyokuwa ikipokea ripoti hizo. Nani anapokea yangu? Nikimkuta leo mbwa mwenye ugonjwa huu Kihonda, taarifa yangu itakaa kwenye daftari langu kama sitampigia simu mganga mkuu ninayemfahamu kwa jina.

Chanjo nayo inatudai vipimo. Chanjo za mbwa tunazoziagiza zimetengenezwa kwa aina za leptospira zinazosumbua Ulaya na Amerika. Za zamani zina mbili, Canicola na Icterohaemorrhagiae, mpya zina nne. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) kimewakuza leptospira wa Tanzania kutoka kwa wanyama wetu wenyewe, na mmoja wao dunia nzima inamwita Sokoine. Profesa Robert Machang'u na wenzake, akiwemo Georgies Mgode, walitumia miaka mingi kwenye kazi hiyo, kilomita chache tu kutoka kliniki yangu. Sokoine ni ndugu wa kundi la Icterohaemorrhagiae, jambo linalotia moyo, lakini kinga ya aina moja haimlindi mbwa dhidi ya aina zote. PCR ya kawaida itakuambia yumo, haitakuambia ni aina gani. Ikishasema yumo, sampuli hiyo ndiyo ya kupeleka mbele ikasomwe zaidi na kukuzwa. Bila hatua ya kwanza, ya pili haipo, na tutaendelea kuchanja mbwa wa Ifakara kwa mahitaji ya mbwa wa Lyon.

Najua hoja ya fedha itakuja. Kwa nini tumpime mbwa wakati zahanati haina vitendanishi vya kutosha vya watu? Nimeisikia kikaoni, nimeisikia hata kwa mume wangu mezani. Nami nauliza: kijana yule wa Dakawa alimeza vidonge vya malaria asiyokuwa nayo, akarudishwa hospitali kwa nauli nyingine, mzee akapoteza mbwa, na nyani wakala mpunga. Gharama hiyo yote imelipwa na kaya moja. Taifa zima nalo linalipa, ila hakuna anayejumlisha.

Tena si kweli kwamba kupima vinasaba ni anasa ngeni. Kifua kikuu tunakipima kwa vinasaba hadi hospitali za wilaya. Ni kweli mashine hizo hutumia vibweta vilivyofungwa vya ugonjwa wake maalumu na haziwezi kubadilishiwa kazi hivihivi. Lakini mashine za PCR za kawaida, zile zilizofanya kazi usiku na mchana wakati wa UVIKO-19, hazichagui. Ukibadilisha vitangulizi na vitendanishi, mashine ileile inamtafuta leptospira. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina makao Temeke na vituo vya kanda, vikiwemo vya Arusha, Mwanza, Tabora, Iringa na Mtwara. Kutoka Ruangwa kwenda Mtwara ni karibu kuliko kwenda Dar es Salaam. SUA iko hapahapa. Ofisi ya Waziri Mkuu ina Dawati la Afya Moja, lililoanzishwa ili afya ya watu, ya wanyama na ya mazingira zizungumze. Watu wapo, vituo vipo.

Kinachokosekana ni njia ya sampuli kutoka kwa ofisa ugani wa kata hadi kwenye mashine. Ofisa ugani wa Dakawa hana vichupa vya zambarau, hana barafu, hana nauli, wala hana uhakika kwamba akipeleka atapata jibu. Ningekuwa mimi, ningeanza na hayo kabla ya kununua mashine hata moja. Tena ningeweka sharti kwamba jibu chanya la mbwa lifike kwa mganga mkuu wa wilaya siku hiyohiyo, na akipatikana mgonjwa wa homa ya mgunda hospitalini, wanyama wa nyumbani kwake wapimwe wiki hiyohiyo. Leo taarifa hizo mbili, ya mbwa na ya mtu, hazikutani kamwe.

Kwa wenzangu wa taaluma, na hasa vijana mnaofungua maduka ya dawa: tuache kuuza chupa ya antibayotiki kwa mtu ambaye mbwa wake hatujamwona. Tunamnyima majibu, na tunamzoesha bakteria dawa ambazo watoto wetu watazihitaji.

Nawaomba Waziri wa Mifugo na Uvuvi na Waziri wa Afya wakae meza moja kabla ya masika yajayo, waanze na wilaya za mpunga na zile zilizokwisha kuguswa, Ruangwa ikiwa ya kwanza, waweke vichupa, visanduku vya barafu na fedha ya kusafirisha sampuli za mbwa.

Na wewe msomaji, mbwa wako akikataa chakula, akatapika, ukaona ufizi wake umekuwa njano, mfunge mbali na watoto. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi unapomhudumia, osha kwa dawa ya klorini mahali alipokojoa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, na kabla hajavuta dawa kwenye bomba la sindano mwambie achukue kwanza damu na mkojo. Mtu yeyote nyumbani akipata homa ndani ya mwezi huo, mwende hospitali na mseme wazi kwamba mna mbwa mgonjwa.